Pepa Zinahesabiwa, Mrejesho Je?

Kila mwaka vijana waliomaliza digrii ya afya ya jamii wananiuliza waingie kwenye utafiti au watafute ajira halmashauri, na jibu langu ni lilelile: ingia, ila ujue unaingia wapi. Kazi hii ya kutafiti afya ya watu huko huko wanakoishi ina mabosi wawili, mmoja yupo chuoni anahesabu pepa, yaani makala za utafiti zilizochapishwa, mwingine yupo kijijini anahesabu mara ngapi umekuja kumuuliza maswali ukaondoka. Siku ya kupandishwa cheo anaulizwa yule wa chuoni tu. Hilo linaniuma sana, na nimeona niliandike.

Nianze na uzuri wake maana ni mwingi. Chandarua chenye dawa leo kila mtu anakiona kitu cha kawaida, lakini mwaka 1996 pale Kilombero na Ulanga, mkoani Morogoro, ulipoanza KINET, mradi wa kuuza vyandarua vyenye dawa, haikuwa hivyo. Kabla ya kuuza hata chandarua kimoja watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara na wenzao wa Uswisi ilibidi wakae na wananchi wawaulize homa wanaziitaje, mbu wanawaonaje, nani ndani ya nyumba anashika hela ya kununulia kitu kama hicho. Na Bagamoyo miaka hiyohiyo ya 90 utafiti ulionyesha kwamba wazazi wengi hawakuihusisha degedege na malaria kabisa, kwao ilikuwa ni mambo ya mashetani, mtoto akikakamaa anapelekwa kwa mganga kwanza, sindano inaogopwa. Sasa hapo we njoo na bango lako la "malaria inaua" uone litasaidia nini! Chandarua na dawa yake vikauzwa kwa jina la Zuia Mbu, watu wakanunua, na matokeo yalipotoka mwaka 2001 yakaonyesha uwezekano wa mtoto wa mwezi 1 mpaka miaka 4 anayelala ndani ya chandarua kubaki hai umepanda kwa asilimia 27. Mwaka 2004 Tanzania ikaja na Hati Punguzo, vocha ya kupunguziwa bei ya chandarua, kwa wajawazito, na vitu kama KINET vilikuwa sehemu ya ushahidi uliosukuma jambo hilo.

Hiyo asilimia 27 ilitoka wapi? Ilitoka kwa wakusanya data waliokuwa wanapita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne wanauliza nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Na Kilombero ukisema nyumba kwa nyumba usifikirie mtaa, msimu wa mpunga familia nzima inahamia shambani, wanakaa kwenye madungu huko bondeni wanaamia ndege, ukifika kijijini unakuta mlango umefungwa kwa kamba na bibi mmoja kabaki na kuku. Unamfuata mtu shambani kwake, kwenye tope, unamsubiri apumzike, ndo unamuuliza kama yule mtoto wa mara ya mwisho bado yupo. Na wakati mwingine hayupo. Hakuna darasa la takwimu linalokufundisha ukae vipi na mama wa namna hiyo, ufunge dodoso au uendelee, wakusanya data wazoefu wanajua na walijifunza hukohuko.

Kuna mama mmoja alinifungulia mfuko wa rambo uliokaa na kadi ya kliniki, ndani yake fomu za ridhaa za miradi tofauti zimekunjwa vizuri kabisa, kila moja na sahihi yake ya dole gumba. Akaniambia, "Mwanangu, nyie mnakujaga, mnaandikaga, damu mmechukua, sijakataa hata siku moja. Sasa mmeona nini?" Nikamwambia mama naomba nikuulizie. Mradi aliokuwa anaulizia ulishafungwa, matokeo yalishachapishwa kwenye jarida la nje, kwa Kiingereza, na kijijini kwake hakuna aliyerudi. Pepa ile ilishampandisha mtu cheo, na yeye mwenye dole gumba hajui hata kama ile dawa iliyokuwa inajaribiwa ilifanya kazi.

Vyuo vyetu vinasema kazi ya mhadhiri ni kufundisha, kutafiti na kuhudumia jamii. Kwenye karatasi inapendeza. Ila kutoka mhadhiri kwenda mhadhiri mwandamizi mpaka profesa mshiriki kinachokubeba ni pepa, na jina lako likae la kwanza au la mwisho. Ukitumia wiki mbili kuzunguka vitongoji na mwenyekiti na mhudumu wa afya kueleza matokeo kwa Kiswahili, watu wakauliza maswali magumu ukayajibu, hizo wiki mbili kwenye fomu ya kupanda cheo hazina uzito wa maana, na mwenzako aliyekaa ofisini akaikata data ileile vipande vitatu ana pepa tatu. Mimi siwalaumu vijana wanaochagua ofisi, wana familia, mikataba inaisha na granti, yaani hela ya ufadhili wa mradi. Nalaumu mizani.

Halafu kuna huu mrejesho, yaani kurudisha matokeo kwa watu, unaofanyika hotelini. Wanaitwa maafisa wa mkoa na wilaya, slaidi, chai, posho, picha ya pamoja, basi, ripoti inaandikwa kwamba matokeo yamerudishwa kwa wadau. Mganga mkuu wa wilaya ni muhimu kweli, simdharau, lakini yeye hakutolewa damu.

Na mtu asiniambie haiwezekani. Kilifi, pwani ya Kenya, KEMRI ambayo ni taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao wa Wellcome, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti, walikutana na uvumi uleule tunaoujua pwani yote, watu wa utafiti ni mumiani, wanyonya damu, na damu inauzwa. Hawakuishia kuwaita watu wajinga, waliweka idara nzima ya kushughulika na jamii na wawakilishi wanaochaguliwa na wananchi wenyewe kwenye maeneo yao, watu wanaoweza kumwambia mtafiti usoni kwamba hapa mmekosea. Uvumi haujaisha wote na sitegemei uishe, ila kuna mahali pa kuupeleka. Ukishamweleza mtu damu tunayochukua ni kijiko kimoja cha chai, inaenda maabara gani, inapimwa nini, na ukarudi na jibu, safari ijayo huna haja ya kumbembeleza.

Kwa hiyo mi nataka mambo ambayo wala si makubwa. Kamati za maadili zinapotoa kibali ziulize tarehe na bajeti ya mrejesho kwenye ngazi ya kitongoji, na kibali cha mradi unaofuata kitegemee kama ule wa kwanza ulirudi. Vyuo vipe alama muhtasari wa Kiswahili uliosomwa mbele ya wananchi, na mkutano wenyewe ukathibitishwa na mtendaji wa kijiji, kwani ugumu upo wapi? Na wakusanya data waliokaa fildi miaka na miaka wasiishie kwenye "tunawashukuru" ya mwisho wa pepa. Wapo wanaoijua data kuliko sisi tunaoichambua, wanajua nyumba ipi inadanganya umri wa mtoto na kwa nini, hao wapewe nafasi ya kusoma na majina yao yaingie kwenye waandishi pale walipochangia mawazo.

We kijana unayeandika andiko lako la masta sasa hivi, weka hela ya mrejesho kwenye bajeti kabla hujaweka tiketi ya kongamano: nauli ya bodaboda, kipaza sauti, karatasi kubwa, maji ya kunywa kwa watu, na siku za kutosha ili msimu wa mpunga usikukute umeenda kwenye milango iliyofungwa. Supavaiza akikwambia ukate, muombe akuandikie hiyo sababu kwenye imeili.