Insha Hufundishwa Daftari Linaporudi

Mtoto wa miaka 12 ameandika hivi: "Babu alikuwa anaumwa na tulienda kumwona na tulimkuta amelala na mama alilia na halafu tulirudi nyumbani."

Tahajia haina kosa na upatanisho wa kisarufi umekaa sawa. Habari yenyewe ni nzito, maana ndani yake kuna ugonjwa, kuna machozi ya mama, na kuna safari ya kurudi ambayo yaelekea hakuna aliyefungua mdomo. Lakini mambo yote matano yametungwa kwenye uzi mmoja kama shanga, hakuna lililo kubwa kuliko jingine. Mwalimu aliyeketi na daftari hili afanye nini?

Swali hili limewagawa walimu kwa zaidi ya miaka 50, na wanaoumia zaidi ni watoto wa miaka 11 hadi 14. Huo ndio umri ambao insha ya "siku niliyofurahi" haitoshi tena. Mwanafunzi anatakiwa aeleze, alinganishe na atetee hoja, wakati bado anahangaika na mahali pa kuweka nukta.

Upande mmoja unasema: mfundishe kanuni kwanza. Ajue vishazi na uakifishaji, ajue umbo la insha, yaani utangulizi, aya tatu za kiini na hitimisho. Akiisha kulishika umbo, ndipo aruhusiwe kulichezea. Upande wa pili unasema mtoto hujifunza kuandika kwa kuandika. Achague mada mwenyewe, atoe rasimu, azungumze na mwalimu na wenzake, airudie kazi yake, na kanuni azipate njiani kadiri anavyozihitaji.

Upande huu wa pili ulipata nguvu Marekani miaka ya 1970. Mwaka 1971 Janet Emig alichapisha uchunguzi wake juu ya wanafunzi wa darasa la 12, mwaka wa mwisho wa sekondari huko, ambao aliwataka waseme kwa sauti wanachokifikiria huku wakiandika. Ikaonekana kwamba mtu anapoandika hafuati ile njia iliyonyooka ya kupanga, kuandika na kumaliza ambayo vitabu vya shule viliifundisha. Anarudi nyuma, anafuta, anagundua analotaka kusema akiwa katikati ya kulisema. Mwaka uliofuata Donald Murray, mwandishi na mwalimu wa uandishi, akatoa wito kwamba uandishi ufundishwe kama mchakato, si kama bidhaa iliyokwisha kutengenezwa.

Kwa wanafunzi wa umri huu hasa, sauti iliyosikika zaidi ni ya Nancie Atwell, aliyekuwa akifundisha darasa la nane katika jimbo la Maine. Kitabu chake cha mwaka 1987 kiliwashawishi walimu wengi wageuze darasa kuwa karakana ya waandishi. Mwaka 2015 alikuwa mwalimu wa kwanza kabisa kupewa Global Teacher Prize, tuzo ya kimataifa ya walimu yenye dola milioni 1. Ninachomheshimia zaidi ni toleo la pili la kitabu hicho, la mwaka 1998, ambamo alikiri kwamba hapo awali alijizuia mno kufundisha moja kwa moja. Mwalimu anapojua jambo na mwanafunzi halijui, kulinyamazia si heshima kwa mtoto.

Lisa Delpit, mwalimu na mtafiti wa elimu wa Marekani, alikuwa amelisema hilo mapema na kwa ukali zaidi, katika makala zake za 1986 na 1988. Mtoto aliyekulia kwenye vitabu na mazungumzo ya watu waliosoma huja shuleni kanuni za uandishi rasmi ameshazinyonya. Ukimwambia "andika kwa uhuru", anazo za kutumia. Yule ambaye hakuzipata nyumbani unamwachia kitendawili, kisha unampunguzia alama kwa kutokutegua. Hoja hii sijawahi kuiona ikijibiwa vizuri na watetezi wa uhuru mtupu.

Je, basi sarufi kwanza? Hapa ushahidi unaukana upande wa kanuni. Tangu ripoti ya mtafiti Richard Braddock na wenzake ya mwaka 1963 juu ya tafiti za ufundishaji wa uandishi, imejulikana kwamba kufundisha sarufi peke yake, kama somo lililotengwa na uandishi, hakumfanyi mtoto aandike vizuri zaidi. Mwaka 2007 Steve Graham na Dolores Perin walikusanya tafiti za darasa la nne hadi la 12 na kupima ukubwa wa athari ya kila mbinu. Katika kipimo hicho, sifuri ni kutokuwepo tofauti na 0.8 huhesabiwa kubwa. Kufundisha waziwazi mikakati ya kupanga, kuandika na kurekebisha kulipata 0.82. Kumpa mwanafunzi lengo bayana la kazi yake, 0.70. Kuunganisha sentensi, 0.50. Mbinu ya mchakato kama kifurushi kizima, 0.32. Sarufi iliyofundishwa kivyake ilipata hasi 0.32.

Takwimu hiyo ya mwisho isibebwe kama rungu. Katika nyingi ya tafiti hizo sarufi ndiyo iliyokuwa kundi la kulinganishia, wala si mbinu iliyotayarishwa kwa uangalifu ili ipimwe. Debra Myhill na wenzake walipojaribu Uingereza kufundisha sarufi ndani ya uandishi wenyewe, kwa wanafunzi wa miaka 12 na 13, matokeo yao yaliyochapishwa 2012 yalikuwa chanya, ingawa walionufaika zaidi ni wale waliokwisha kuwa waandishi wazuri. Kwa hiyo kosa haliko kwenye sarufi. Liko kwenye kuifundisha siku ya Jumanne na insha siku ya Alhamisi, kana kwamba hazijuani.

Turudi kwa babu. Kiswahili kina utajiri ambao mtoto huyu anao kinywani lakini hajaushusha kwenye karatasi: sehemu kubwa ya kazi ya kuunganisha mawazo hufanywa na kitenzi chenyewe. Kiambishi -po- hutuambia lini. Kiambishi -ki- hutuonyesha mambo mawili yakienda pamoja. Kiambishi -ka- husukuma kisa mbele bila kuhitaji "halafu". Mtoto anayeandika "na… na… na halafu" hahitaji zoezi la kupigia mstari viunganishi katika sentensi ishirini za kitabu. Anahitaji mtu amuulize: katika haya matano, lipi lililo kubwa kwako?

Akijibu "mama alivyolia", kazi imeanza. Basi hilo tulipe sentensi yake peke yake. Na mengine? Ajaribu: "Tulipofika, babu alikuwa amelala. Mama akalia. Tukarudi nyumbani tukiwa kimya." Ukimya huo haukuwemo katika rasimu ya kwanza. Umekuja kwa sababu nafasi yake ilifunguliwa. Dakika nne zimetumika, na mtoto amejifunza -po-, -ka- na -ki- kwa namna asiyoweza kuisahau, maana amezitumia kusema jambo la kwao.

Juu ya insha ya aya tano nina msimamo wa katikati, na siupendi sana, lakini ndio ninaoweza kuutetea. Kwa mtoto anayekodolea macho ukurasa mtupu, umbo hilo ni mkono wa kushika. Madhara huanza linapogeuka sheria. Mwenye sababu nne nzuri anafuta moja, na mwenye sababu moja yenye uzito anabuni mbili hafifu ili zitimie tatu. Wote wawili wamejifunza kwamba hesabu ya aya ni muhimu kuliko hoja. Umbo lifundishwe mapema, na tarehe ya kuliacha ipangwe siku hiyohiyo. Vivyo hivyo na zile tanguzi za kukariri zenye jua linalochomoza na ndege wanaoimba, ambazo mtoto hubandika juu ya kisa chochote, hata cha usiku.

Ninaloona linasahauliwa na pande zote mbili ni muda. Mabishano karibu yote yanahusu kinachofanyika kabla ya mtoto kuandika, au wakati anaandika. Lakini mafunzo mengi yako pale daftari linaporudi. Chukua darasa la wanafunzi 40. Ukitumia dakika 10 kwa kila daftari, umetumia saa 6 na dakika 40. Ukiwa na madarasa matatu ya namna hiyo, ni saa 20 kwa insha moja. Mwalimu gani anazo? Ndiyo maana kalamu nyekundu huzungushia makosa upesiupesi, alama huandikwa pembeni, na daftari hufungwa. Mtoto hutazama alama, hutazama ya jirani yake, mambo yakaishia hapo.

Ruth Butler, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1988, alilinganisha wanafunzi waliopewa maoni peke yake, waliopewa alama peke yake, na waliopewa vyote viwili. Waliosonga mbele ni wa maoni peke yake. Alama ilipowekwa kando ya maoni, maoni hayakufanya kazi. Kila ninapokesha nikijaza maelezo pembeni ya daftari nakumbuka matokeo hayo, na naona uchungu kwa nguvu zinazopotea.

Pingamizi kubwa ni mtihani, na ni pingamizi la haki. Huko hakuna rasimu ya pili. Kuna muda mfupi na karatasi moja. Mzazi anayeuliza kwa nini mtoto wake amerudia insha ileile kwa wiki mbili, wakati wenzake wameandika nne, hasemi upuuzi. Jibu langu ni kwamba lazima mtoto azoee pia kuandika kwa saa, na nafasi hiyo itengwe. Lakini anayepima uzito kila siku hanenepi kwa mizani. Uwezo wa kujisahihisha haraka ndani ya chumba cha mtihani hutokana na kuwahi kujisahihisha polepole mahali pengine. Tena sasa programu za kompyuta zinaweza kutoa insha safi kwa sekunde chache, na nakala ya mwisho peke yake haituonyeshi tena mtoto anajua nini. Rasimu zilizokatwakatwa mkononi mwake, darasani, bado zinaonyesha.

Kwa hiyo nimepunguza. Insha chache kwa muhula, kila moja mara mbili. Katika rasimu ya kwanza nagusa jambo moja tu, hata nikiona makosa tisa, na nalitaja kwa swali. Alama sitoi mpaka daftari lirudi mara ya pili, na dakika 15 za kipindi ni za kurekebisha mbele yangu, si nyumbani. Kwenye daftari la yule wa babu niliandika: "Njiani mlipokuwa mkirudi, nani alikuwa wa kwanza kusema neno?" Bado hajalijibu. Ijumaa tutakaa nalo.