Picha ya nyuma ya jicho na hatari ya kiharusi: je, tunaidharau bure?

Kila panapozuka habari kwamba mashine fulani inaweza kulitazama jicho na kubaini ni nani atakayepatwa na kiharusi, wasomaji wa Nairobi hugawanyika kwa namna iliyokwisha kuzoeleka. Upande mmoja hushangilia. Upande wa pili, wenye madaktari wengi wa magonjwa ya ndani na watu wa afya ya umma, hujibu kwamba nchi ambayo watu wake hawajapimwa hata presha haina sababu ya kuhangaika na mishipa ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Jibu hilo lina uzito, na nitajaribu kulitendea haki. Hata hivyo, naona limefika mahali pa kutumiwa kufunga mjadala ambao haukustahili kufungwa, na kinachopotea hapo si mashine mpya. Zinazopotea ni taarifa ambazo wahudumu wa macho huziona kila siku ya kazi, wakaziandika kwenye faili, na zisiende popote.

Msingi wa kisayansi haubishaniwi. Retina ni sehemu ya mfumo wa ubongo iliyochomoza nje wakati mimba inapokua, na mishipa yake midogo inafanana kwa umbo, ukubwa na tabia na ile inayolisha sehemu za ndani za ubongo. Ndipo mahali pekee mwilini ambapo daktari anaweza kuitazama mishipa ya namna hiyo moja kwa moja bila kupasua ngozi, na amekuwa akifanya hivyo tangu Hermann von Helmholtz alipotengeneza kifaa cha kutazamia ndani ya jicho mwaka 1851. Mwaka 1939 madaktari wa Marekani Keith, Wagener na Barker walikuwa tayari wameyapanga madhara ya presha kwenye retina katika madaraja manne, na kuonyesha kwamba wagonjwa wa daraja la juu hufa mapema.

Kabla ya kwenda mbali ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo hoja za mitaani huyachanganya. La kwanza ni kuziba ghafla kwa ateri ya retina, yaani mshipa unaoipelekea damu. Mtu anaamka, jicho moja halioni, na halimuumi. Kwa kuwa halimuumi, anangoja. Akichoka kungoja anakwenda duka la dawa na kupewa matone. Tukio hili halihitaji mjadala wowote kuhusu uwezekano na utabiri, kwa sababu lenyewe ni kiharusi, ila kimetua kwenye jicho. Chama cha Moyo cha Marekani kiliijumuisha retina katika tafsiri yake ya kiharusi mwaka 2013, na mwaka 2021 kikatoa tamko linalotaka kuziba kwa ateri kuu ya retina kushughulikiwa kama dharura ya kiharusi. Majaribio kwa nyani yalionyesha kwamba retina iliyokosa damu kwa muda wa saa nne hivi huharibika vibaya na hairudi. Zaidi ya hapo, wagonjwa wa namna hii wanapopigwa picha ya ubongo, takriban mmoja kati ya wanne hukutwa na vidonda vipya vya kiharusi ambavyo hakuvihisi, na hatari ya kiharusi kikubwa zaidi huwa juu katika wiki chache zinazofuata. Hata giza linalopita juu ya jicho moja kwa dakika chache kisha likaondoka huhesabiwa kuwa onyo la aina hiyohiyo, na mara nyingi chanzo chake ni uchafu wa mafuta uliomeguka kutoka kwenye ateri ya shingo. Kwa hiyo mgonjwa huyu anatakiwa kufikishwa idara ya dharura yenye uwezo wa kupiga picha ya ubongo, siku hiyohiyo. Kuziba kwa vena ya retina, yaani mshipa unaorudisha damu, ni habari nyingine: huambatana zaidi na presha, kisukari na umri, na uhusiano wake na kiharusi si wa moja kwa moja kama ule wa ateri.

Jambo la pili ndilo lenye ubishi, yaani dalili za polepole. Hizi ni ateri zilizosinyaa, ateri ngumu inayoiminya vena mahali zinapopishana, madoa madogo ya damu, vivimbe vidogo kwenye kuta za mishipa, na mabaka meupe yanayofanana na pamba. Mwenye dalili hizi kwa kawaida anaona vizuri. Amekuja kutafuta miwani ya kusomea.

Utafiti wa Marekani unaojulikana kwa kifupi ARIC ulichapisha mwaka 2001 matokeo ya watu 10,358 wa umri wa kati na wazee waliopigwa picha za retina na kufuatiliwa kwa wastani wa miaka mitatu na nusu. Katika muda huo watu 110 walipatwa na kiharusi. Waliokuwa na vivimbe vidogo vya mishipa au mabaka ya pamba walikuwa na hatari takriban mara tatu ya wenzao, hata baada ya presha, kisukari, sigara na mengineyo kuzingatiwa katika hesabu. Ateri zilizosinyaa sehemu moja moja, kwa upande mwingine, hazikuongeza hatari kwa kiasi cha kutajika. Yaani dalili zote za retina hazina uzito mmoja, na anayezitaja kwa mkupuo anampoteza msomaji.

Lakini matokeo ninayoyarejea mara kwa mara ni ya mwaka 2013, yaliyotoka katika utafiti uleule. Safari hii watafiti waliwachukua watu wenye presha peke yao, 2,907, wakawafuatilia kwa takriban miaka 13, na 165 kati yao wakapatwa na kiharusi. Kisha wakauliza swali ambalo kwa hospitali zetu ndilo lenye maana: vipi yule anayemeza dawa na ambaye presha yake imeshuka inavyotakiwa? Ikaonekana kwamba hata katika kundi hilo, mwenye dalili hafifu za presha kwenye retina alikuwa na hatari ya kiharusi cha kuziba mshipa karibu mara mbili ya asiyekuwa nazo, na mwenye dalili za wastani au kali karibu mara tatu. Nakubali kwamba kundi hilo lilikuwa dogo, na kwamba kwa wale wenye dalili kali ukingo wa makosa wa hesabu ni mpana mno, ukianzia mahali ambapo hatari karibu haiongezeki na kuishia karibu mara tisa. Hata ukichukua makadirio ya chini, hata hivyo, kuna kitu ambacho kipimo cha presha hakikukisema. Mashine ya presha inapima nguvu ya damu katika dakika ile mgonjwa alipokaa kitini. Ikisoma 128 kwa 80 leo, haijui kama miaka kumi kabla ya dawa ilikuwa 180. Retina inaibeba historia hiyo, na inaibeba kwa mtu ambaye hana kadi wala kumbukumbu ya vipimo vya zamani, jambo ambalo Nairobi ni la kawaida, kwa kuwa watu huhama mtaa na kliniki na faili hubaki nyuma.

Wapinzani wana majibu, na bora zaidi kati yao si lile la gharama. Mwaka 2005 watafiti wa Uholanzi waliupitia ushahidi uliokuwapo katika jarida la BMJ na wakahitimisha kwamba hapakuwa na sababu za kutosha za kumtazama kila mgonjwa wa presha nyuma ya jicho. Madaktari wawili wakitazama jicho moja walitofautiana mno kuhusu dalili hafifu, na dalili hizohizo zilionekana hata kwa baadhi ya watu wasio na presha kabisa. Kamera za siku hizi zimepunguza tatizo la madaktari wawili kutokubaliana, lakini hazijalimaliza. La pili, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni kwamba uhusiano si sawa na faida. Kumwambia mtu kwamba mishipa yake imechakaa kutamsaidia tu iwapo kutabadilisha matibabu, na ushahidi wa majaribio unaoonyesha kwamba kupima retina kumepunguza idadi ya viharusi haujapatikana. Anayeitetea picha ya jicho anapaswa kulibeba deni hilo waziwazi.

Ipo pia hesabu ya idadi halisi ya wanaougua dhidi ya uwiano wa hatari. Mapema mwaka 2025 jarida la Heart lilichapisha utafiti uliotumia akili unde kuchambua picha za retina za Waingereza 45,161. Katika wastani wa miaka 12 na nusu, watu 749 walipatwa na kiharusi, yaani chini ya wawili kwa kila mia. Watu wengi sana wenye mishipa iliyopewa alama mbaya waliishi miaka yote hiyo bila kiharusi. Programu ile, ikiongezewa umri na jinsia tu, ilikadiria hatari karibu sawasawa na vipimo vya kawaida vya presha, mafuta ya damu na sigara. Mpinzani husoma sentensi hiyo na kusema: karibu sawa, basi hakuna kilichoongezeka. Mimi naisoma tofauti kidogo, kwa kuwa hapa kwetu vipimo hivyo vya kawaida mara nyingi havipo. Lakini sitaki kuisukuma hoja hii mbali. Waingereza wale walikuwa watu wa kujitolea, wengi wao wazungu wenye afya nzuri kuliko wenzao, ilhali Afrika kiharusi huwapata watu wakiwa na umri mdogo zaidi na sehemu kubwa zaidi hutokana na mshipa kupasuka. Anayetaka kuuza programu hiyo Nairobi aanze kwa kuipima kwa watu wa hapa.

Sasa turudi kwenye hoja inayosemwa kwa sauti kubwa, ya kwamba presha ianze. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta takriban asilimia 24 ya watu wazima nchini wana presha ya juu, na asilimia 56 hawajawahi kupimwa maishani. Mashine ya presha ni rahisi, na tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wamekuwa wakigawiwa mikoba yenye mashine hizo. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayependekeza fedha zitoke huko ziende kununua kamera za retina. Nakubaliana na wapinzani hapa bila masharti.

Tatizo ni kwamba hoja yao inachukulia kuwa jicho na presha ni milango miwili inayogombea fedha zilezile. Mtu wa miaka hamsini wa Kayole au Kangemi asiyejisikia mgonjwa hana sababu ya kwenda kliniki ya presha, kwa kuwa presha haimsumbui. Herufi za simu ndizo zinazomsumbua. Atakwenda kambi ya macho ya bure kwenye uwanja wa kanisa, au apande hadi kwa daktari wa miwani mjini, na huenda hiyo ikawa mara yake ya kwanza kwa miaka mingi kukaa mbele ya mtu aliyesomea tiba. Mama mmoja jirani yangu alinionyesha kadi aliyopewa katika kliniki moja ya macho. Upande wa kulia kulikuwa na vipimo vya lenzi, vimeandikwa kwa uangalifu hadi robo ya nambari. Chini, kwa mwandiko wa haraka, kulikuwa na maneno yaliyomaanisha kwamba ateri zinaminya vena, macho yote mawili. Hakuna mstari wa presha kwenye kadi ile, hakuna barua ya kumpeleka popote, na alikuwa amelipia miwani tu. Aliniuliza kama yale maandishi ya chini yanahusu fremu.

Katika kisa kama hicho gharama ya kuitazama retina imekwisha kulipwa, kwa hiyo swali la iwapo nchi inaweza kuimudu halipo tena. Hata pale ambapo jicho halitazamwi kwa kina, teknolojia haiko mbali nasi: utafiti wa magonjwa ya macho uliofanyika Nakuru kwa watu wa miaka 50 na kuendelea ulitumika pia kujaribu simu za mkononi katika kupima uwezo wa kuona na kupiga picha za nyuma ya jicho. Wagonjwa wa kisukari nao hutakiwa kutazamwa retina kila mwaka kwa ajili ya kuokoa macho yao, na kinachoonekana humo hakihitaji uchunguzi wa pili ili kiwe cha manufaa kwa daktari wa moyo au wa ubongo.

Kinachodaiwa kwa sasa ni kidogo kuliko wapinzani wanavyodhani. Kila chumba cha macho kiwe na mashine ya presha, na anayekutwa na dalili kwenye mishipa apimwe kabla hajainuka kitini, nambari mbili ziandikwe kwenye kadi ileile yenye vipimo vya lenzi, pamoja na jina la kituo cha afya anachotakiwa kwenda. Akisomeka juu, matibabu yake ni yaleyale ya presha, kuanzia dawa za kawaida kama amlodipini. Akisomeka kawaida huku retina ikionyesha madoa ya damu au mabaka ya pamba, apimwe sukari, na presha yake irudiwe siku nyingine, kwa sababu kipimo kimoja kizuri hakifuti kilichoonekana jichoni. Kama mpango huo utapunguza viharusi au la, hilo linaweza kuhesabiwa, mradi kadi zitunzwe na mtu afuatilie waliofika kituoni na ambao hawakufika.