Julian Bond: alichora wilaya, rafiki yake akakalia kiti

Ukimtaja Julian Bond mbele ya mtu anayefuatilia siasa za Marekani, atakusimulia kisa cha Januari 10, 1966. Simlaumu. Kijana mweusi wa miaka 25, aliyechaguliwa kihalali na watu wa Atlanta, anafika kuapishwa katika Baraza la Wawakilishi la jimbo la Georgia. Wenzake wanakula kiapo, yeye anaambiwa asubiri pembeni. Siku hiyohiyo kura zinapigwa: 184 hawataki apewe kiti, 12 tu ndio wanaomtetea.

Kosa lake? Alikuwa msemaji wa SNCC, ile kamati ya wanafunzi waliopambana na ubaguzi bila kushika silaha. Siku chache kabla, SNCC ilitoa tamko la kupinga vita vya Vietnam na kuwaunga mkono vijana waliokataa kwenda kupigana. Hasira ilikuwa bado mbichi: Januari 3, Samuel Younge, mwanafunzi aliyewahi kutumikia jeshi la majini la nchi hiyohiyo, alipigwa risasi akafa huko Tuskegee, Alabama, kisa choo cha Wazungu kwenye kituo cha mafuta. Bond hakuliandika tamko lile. Aliulizwa tu na mwandishi wa habari kama analikubali, naye akasema ndiyo.

Kiti kikaachwa wazi, uchaguzi ukarudiwa Februari, wapiga kura wakamrudisha yuleyule. Baraza likagoma tena. Novemba wakamchagua kwa mara ya tatu. Desemba 5, Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua, majaji wote tisa kwa kauli moja, kwamba mwakilishi wa wananchi hawezi kunyimwa kiti kwa kutoa maoni yake kuhusu sera ya serikali. Januari 1967 akaapishwa.

Hapo ndipo wasimuliaji wengi wanapoishia, au wanarukia Chicago 1968, alipopendekezwa kuwa mgombea umakamu wa rais kwa tiketi ya Democratic ikabidi ajitoe, maana alikuwa na miaka 28 na katiba inataka 35. Mimi kinachonivuta ni miaka ishirini iliyofuata, miaka ya kukaa vikaoni. Bond alitumikia Baraza hadi 1975, kisha Seneti ya Georgia hadi 1987. Wakosoaji wake walisema anaonekana zaidi kwenye mihadhara ya vyuo vikuu kuliko kwenye kazi za bunge, na sidhani kama walimsingizia sana. Alikuwa mzuri wa sura, fundi wa maneno, na nchi nzima ilimtaka.

Lakini kuna kazi moja ambayo ni wachache wanaoitaja. Baada ya sensa ya 1980, Georgia ilitakiwa kuchora upya wilaya za kuchagua wabunge wa kwenda Washington. Bond, akiwa seneta, alipeleka ramani iliyolenga kuipa Atlanta wilaya yenye Weusi wengi kiasi cha kuweza kumchagua wamtakaye. Seneti ikaipitisha. Baraza la Wawakilishi likaikataa, na kamati yake ya mipaka iliongozwa na Joe Mack Wilson, mtu ambaye mahakama ya Washington ilikuja kuandika bila kupepesa macho, mwaka 1982, kuwa ni mbaguzi wa rangi. Mahakama iliitupa ramani ambayo jimbo liliipitisha badala yake, na wilaya ya tano, ile ya Atlanta, ikachorwa upya, Weusi wakiwa karibu theluthi mbili. Hakuna aliyepiga picha za kazi ile. Ni mistari kwenye ramani, mtaa huu ndani, mtaa ule nje.

Mwaka 1986 kiti cha wilaya hiyo kilipobaki wazi, Bond akajitosa. Na nani mwingine? John Lewis, mwenyekiti wake wa zamani pale SNCC na rafiki yake wa miaka mingi. (Wakenya nao wana uhusiano na vijana hawa: Desemba 1963 Jaramogi Oginga Odinga alipopita Atlanta, wana-SNCC walikwenda kumsalimia hotelini, na mwaka uliofuata Lewis alifika Nairobi.) Duru ya kwanza Bond aliongoza kwa asilimia 47 dhidi ya 35. Kwenye marudio Lewis akashinda kwa takriban asilimia 52 kwa 48. Wapiga kura Weusi wengi walikuwa na Bond. Wazungu ndio waliomvusha Lewis, ndani ya wilaya ambayo Bond aliipigania kwa ajili ya kura za Weusi.

Lewis alikuwa diwani wa jiji, mtu wa kugonga milango alfajiri, na hilo namheshimu nalo. Ila alicheza rafu alipomtaka Bond hadharani aende kupimwa dawa za kulevya. Kulisema tu jambo kama hilo kunatosha kumchafua mtu.

Lewis alikikalia kiti kile hadi alipofariki Julai 2020. Bond hakurudi tena kugombea. Alifundisha vyuoni, akaongoza bodi ya NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Weusi, kuanzia 1998 hadi 2010, akafariki Agosti 2015. Naamini watu wa Atlanta walipata mbunge mzuri. Naamini pia kwamba bila yule seneta wa mihadhara, Lewis asingekuwa na wilaya ya kugombea.