Namba ya nguvu inatupoteza kwenye baridi kali

Kila yanapozungumzwa matangi ya roketi, mtu huja na namba ya nguvu: kompositi ya nyuzi za kaboni na epoksi, yaani nyuzi zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu ya plastiki, ni nyepesi kuliko alumini, tena epoksi ikipoa sana huzidi kukakamaa na kuwa na nguvu. Ni kweli. Lakini kwa maoni yangu, namba hiyo ndiyo inayotupoteza.

Shida iko kwenye kusinyaa. Uzi wa kaboni ukipoa karibu haufupiki kabisa. Hata hurefuka kidogo. Epoksi iliyoshikana na uzi huo inataka kusinyaa sana, na uzi hauiachii. Aina nyingi za epoksi huivishwa, yaani hukaushwa kwa joto hadi zigande, kwenye nyuzijoto 180 hivi za Selsiasi, kisha tunazipeleka kwenye haidrojeni ya kimiminika, fueli ya roketi, yenye nyuzijoto 253 chini ya sifuri. Kabla hujaweka mzigo wowote, ndani tayari kuna mvutano.

Chukua kipande chenye matabaka ambayo nyuzi zake zinakatana, kizamishe kwenye nitrojeni ya kimiminika mara kadhaa, kisha ung'arishe ukingo wake na kuutazama kwa hadubini. Utaona nyufa nyembamba zimesimama wima ndani ya tabaka moja, zikakoma palepale tabaka jirani linapoanzia. Sasa kivute kwenye mashine kufuata nyuzi. Nguvu itakuwa karibu ileile. Mashine haitakuonyesha kitu, ila haidrojeni itapita.

Ndivyo lilivyoharibika tangi la haidrojeni la X-33, chombo cha majaribio cha kwenda angani, mwezi Novemba 1999, kwenye kituo cha Marshall cha NASA, Alabama. Lilijazwa, likabeba mzigo wa jaribio, likamwagwa. Kuta zake zilikuwa ngozi mbili za kompositi zenye sega kama la nyuki katikati. Haidrojeni ilikuwa imepenya kwenye nyufa za ngozi ya ndani ikanaswa mle, na tangi lilipoanza kupata joto, shinikizo likapanda, ngozi ya nje ikabanduka. Hilo linaniuma hadi leo: nguvu ilikuwepo, mzigo ulishapita. Mwaka 2001 mradi ulifutwa.

Dawa zipo. Matabaka membamba zaidi huchelewesha nyufa, na epoksi zilizoongezewa unyumbufu husaidia. Ila hatutazithamini kama tunaendelea kununua kwa kusoma safu moja ya jedwali, iliyopimwa kwenye chumba chenye joto la kawaida. Mimi nikiletewa karatasi ya vipimo naanza na haya: kipande kilipozwa na kupashwa mara ngapi kabla ya kupimwa, na baada ya hapo gesi ilivuja kiasi gani?