Boti Si Land Cruiser, Jamani

Wiki iliyopita kwenye grupu letu la WhatsApp ilitua video fupi: injini ya silinda sita inaning'inia kwenye cheni bloku chini ya mwembe, Shanty Town, Moshi, na pembeni yake kijana wa skrepa ameshatega mizani. Chini ya video mtu kaandika, "Chuma kizee hicho kinaondoka, sasa tunatia mtambo." Vidole gumba kibao. Mimi chai ilinipalia.

Chuma kizee chenyewe ni Model K, injini ya petroli ya Chris-Craft, waunda boti wa Marekani, bloku la kampuni ya Hercules, nguvu za farasi 95. Kimetoka kwenye boti ya mbao ya futi 17 iliyokuwa ikivuta watu kwenye ski za majini huko Tanga enzi za mkonge. Ikauzwa, ikarithiwa, ikauzwa tena, mpaka ikaja kupandishwa juu ya matofali uani kwa shemeji yangu. Sasa shemeji anataka kuishusha kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Namuunga mkono, ingawa nadhani mamba wa kule wana maoni yao kuhusu mtu anayevutwa majini kwa kamba. Ugomvi wangu ni na lile baraza la mafundi lililomzunguka. Wameshakata shauri kwamba dawa ya boti kuukuu ni injini kubwa. Kambi moja inataka 1HZ, ile dizeli ya Land Cruiser, nyingine inataka V8 ya Chevrolet, ile 350, iliyochomolewa kwenye pikapu. Aliyeinama kukagua mbao hayupo.

Haki yao niwape. Mafundi wetu ni watu hatari. Nenda Unga Limited, Arusha, wape Land Rover iliyokufa, watakurudishia ikiwa na moyo wa Toyota na itapanda Ngorongoro na wageni wake bila kukohoa. Nimepanda gari za namna hiyo, sina neno. Ila ushindi huo umetulevya. Siku hizi neno "inaingia tu" linamaliza kila mjadala.

Basi tusikilizane. Gari chini liko wazi. Petroli ikivuja kwenye kabureta inadondoka barabarani, mvuke unapeperuka, unanusa, unatukana, safari inaendelea. Boti chini haiko wazi. Ikiwa wazi, mmeshazama. Na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unashuka taratibu mpaka ngamani, chini kabisa ndani ya boti, na unatulia humo, hauonekani, unasubiri cheche. Stata ya gari inatoa cheche. Alteneta ya gari inatoa cheche. Distributa ya gari kazi yake ni hiyo hiyo.

Waliotengeneza vifaa vya boti walilijua hilo. Stata ya boti imezibwa ili cheche zake zisikutane na mvuke wa nje. Kabureta ya boti ikifurika, petroli inarudi ndani ya injini badala ya kumwagika, na juu yake kuna kizuia moto cha chuma. Pampu ya mafuta ya gari diaframu ikipasuka inakojoa nje. Ya boti ina kinga ya kuzuia hilo. Halafu kuna feni ya kufyonza hewa ya ngamani, ambayo unaiacha izunguke kama dakika nne kabla hujagusa ufunguo. Sasa, balaa ni kwamba kwa macho vitu hivi vinafanana. Stata ya gari inakaa kwenye tundu lile lile, kwa bolti zile zile, kwa bei ya chini kabisa. Fundi ataifunga, injini itaitika, watu watapiga makofi, picha zitarushwa kwenye grupu. Hatari yenyewe ina siku yake: jua kali, tangi limetoka kujazwa, watoto wamekaa nyuma wamevaa maboya yao. Nani atazima moto wa petroli kwenye mbao zilizopakwa vanishi tabaka juu ya tabaka? Msiniambie maji yatakuwa karibu. Hao watoto ni wapwa zangu.

Na kabla hamjaniletea historia, naijua. Ralph Samuelson, kijana aliyeanza mchezo huu Lake Pepin kule Minnesota mwaka 1922, alivutwa na boti yenye injini ya lori. Sawa. Mwaka 1922 gari nyingi hazikuwa na breki za mbele pia. Tuige na hilo?

Kambi ya 1HZ wataniambia dizeli haina tabia hizo. Kweli, nakubali kwa shingo upande. Lita 4.2, haina turbo, haina makuu. Lakini imesimama mno. Injini ya zamani valvu zake zimelala ndani ya bloku, ndiyo maana ni fupi na kifuniko chake kinafunga. Weka 1HZ uone kichwa kinavyochungulia. Halafu manifoldi ya ekzosi inayopozwa kwa maji mtaitoa wapi? Najua jibu, mtachomelea. Tena injini ya gari hupumzika kwenye mteremko, wakati ya boti kutwa nzima ni kama lori la ndizi linalopanda kwenda Marangu na Marangu haifiki.

Lakini hata tukiyasamehe hayo yote, mbao je? Boti imekaa nchi kavu miaka, mbao zimesinyaa, ukiinama ndani unaona mchana kupitia nyufa. Naambiwa fundi mmoja ameanza kuzijaza gundi ngumu. Jamani! Mbao ikirudi majini inavimba. Ukikuta umeziba nafasi yake kwa kitu kigumu, ule uvimbe utasukuma mataruma, zile mbavu za boti, na kung'oa skrubu. Watu wa Pangani wanaotia kalafati majahazi, yaani kuziba nyufa zake, wanalijua hili tangu hawajaota ndevu. Nauli ya basi ya fundi mmoja kutoka kule ni ndogo kuliko hata hizo bia za kikao cha injini. Na kama kuna ubao umeoza, mkangazi upo hapa hapa nchini.

Mkiwa bado mna hamu ya farasi, pigeni hesabu. Boti kama hii kwa farasi 95 inakimbia karibu kilomita 50 kwa saa, na mtu wa ski anasimama vizuri tu. Ukizidisha farasi mara mbili hupati mwendo mara mbili, unapata kama asilimia 40 zaidi, na kila wimbi linagonga ile sakafu ya kale kwa nguvu ambayo haikujengewa. Ni kweli kule bwawani tuko karibu mita 690 juu ya bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 kwa kila mita 300. Kwa hiyo farasi 95 wa Tanga huku ni kama 88. Hilo dawa yake ni propela yenye pichi ndogo, yaani inayosogeza boti kidogo zaidi kwa kila mzunguko, injini isilemewe.

Kama bloku limepasuka kweli, hapo nitanyamaza. Lakini mpaka leo hakuna aliyelipima, wametazama kutu wakatikisa vichwa. Likipimwa likaonekana limekufa, haya, tieni V8, sitanuna sana, mradi stata iwe ya boti, alteneta ya boti, kabureta ya boti na feni iwepo. Na kabla hamjaifunga, mtu mmoja mwenye akili timamu aangalie inazunguka upande gani, kwa sababu injini za boti nyingine huzunguka kinyume na za gari. Sitaki kusimama pale Lang'ata, kando ya bwawa, mbele ya wavuvi wa perege, shemeji yangu amevaa miwani ya jua, anatia gia ya mbele, boti inarudi nyuma kwenye mitumbwi yao.