Marehemu wa Chumba cha Pili

Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili, ndiyo maana Jumamosi ile nilijifungia ndani. Sababu ya pili ilikuwa stapelia.

Mmea wenyewe nilioupanda kwenye kopo la rangi ulikaa mwaka mzima kama rundo la vidole vya kijani, kisha ukatoa tumba lililovimba kama puto. Alfajiri ile likafunguka: nyota ya ncha tano, manjano hafifu, imejaa mikunjo ya rangi ya damu ya mzee. Nikapima kwa rula. Sentimita 28.

Sasa, uchoraji wa mimea una sheria: unachora kwa ukubwa halisi. Karatasi yangu A4, upana sentimita 21. Nikaunganisha mbili kwa selotepu, nikatandaza sakafuni. Rangi za maji nazo hazitaki haraka. Unapaka ile hafifu, unasubiri ikauke, ndipo unapandisha iliyokoza. Ukikosea, umekosea. Na mikunjo ile haihesabiki.

Sijataja harufu. Ua hili linaishi kwa kuwatapeli nzi wa mizoga: linanuka nyama iliyooza, nao wanakuja mbio kutaga mayai, wanaondoka wamebeba chavua. Kufikia saa sita, bati limeshika moto, nimejifunga kanga puani, chumba kizima nzi wa kijani. Mmoja alikanyaga rangi mbichi, akatembea kwenye karatasi, akaniwekea mikunjo mitano ya bure. Mizuri kuliko yangu.

Mlango ukagongwa.

"Mwanangu, upo?" Mama mwenye nyumba.

Nikabana pumzi, ingawa nilikuwa nimeibana tangu asubuhi.

"Hata nusu, mwanangu!"

Kimya. Kisha nikamsikia ananusa. Mara ya kwanza. Mara ya pili.

"Uwiii! Jamani, kafa huyu!"

Ningeitika, ningelipa. Nikanyamaza. Dakika chache baadaye uani kumejaa: vijana wa bodaboda na nondo, mjumbe na shuka jeupe ambalo sijui alilitoa wapi kwa kasi ile. Jirani analia kwamba nilikuwa mpole, sina neno na mtu. Mwenye genge akatangaza mbele ya watu kwamba ile elfu kumi na mbili yake amenisamehe. Hapo nikazidi kutulia, nikatega sikio nisikie kama mama mwenye nyumba naye atasamehe.

Hakusamehe. Mlango ukaanguka.

Wakanikuta nimepiga magoti, kanga puani, brashi mkononi inachuruzika wekundu. Mjumbe akatupa shuka akatoka nduki, na vijana nyuma yake. Akabaki mama mwenye nyumba peke yake. Akanitazama, akatazama ua, akatazama mchoro.

"Kodi ya miezi miwili," akasema, "na kitasa."

"Sawa, mama."

Akaondoka. Akarudi, ameziba pua na upande wa khanga.

"Halafu unikatie kipande cha hilo dude. Wa chumba cha nne ana miezi mitatu hajalipa, nataka nikampandie dirishani."