Sajini Atangulie

Ukisoma orodha ya nishani za Leonard Cheshire kwa mara ya kwanza, unaweza kudhani aliyeiandika alijirudia kwa bahati mbaya: DSO, tena DSO, tena DSO, kisha DFC, na juu ya zote VC, Msalaba wa Victoria, ambao Uingereza haina nishani ya ushujaa wa vitani inayoupita. Hakuna aliyejirudia. Rubani huyu wa ndege za mabomu alizipata kweli, zote katika Vita vya Pili vya Dunia.

Wengi wakifika hapo huanza kuhesabu na kusifu. Mimi hunikwama ile DSO ya kwanza.

Ilikuwa Novemba 1940. Cheshire alikuwa na miaka 23, akaiongoza ndege aina ya Whitley usiku hadi eneo la Cologne. Mizinga ya Wajerumani ikaipata, fataki ya kuangazia shabaha ikalipuka ndani kwa ndani, na ubavu wa ndege ukapasuka, upepo na moto vikawa vinagombania mle mle. Mwendesha redio, kijana anayeitwa Davidson, aliungua vibaya, macho yake hayaoni, lakini bado aling'ang'ania mtambo wake ili nyumbani wapate ishara. Cheshire akaifikisha Uingereza ndege ambayo kwa haki ingekuwa imeanguka.

Ndege ile ile, usiku ule ule. Rubani akavishwa DSO. Davidson akavishwa DFM.

Asiyejua mambo ya jeshi ataona ni herufi tu. Herufi hizo ndizo hadithi yenyewe. DSO ilikuwa ya maofisa, na DFC ya maofisa pamoja na maofisa wateule (warrant officers). Sajini na walio chini yake waliwekewa nishani zao pembeni, na DFM ilikuwa mojawapo. Utaratibu huo wa kuuliza cheo kwanza ulidumu mpaka 1993. Wazee wetu wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki) waliopelekwa Burma waliukuta pia: kwa ushujaa ule ule ofisa alipata MC, askari akapata MM, na Mwafrika ndani ya Keya siku hizo hakuwa na njia ya kuwa ofisa. Basi nishani ilipopachikwa kifuani, ilikuwa imeshapita kwanza begani kukagua nyota.

VC ilikuwa miongoni mwa chache zisizouliza hilo. Ya Cheshire ilitangazwa Septemba 1944, na kuna wanaoinung'unikia kwamba haina tukio, kwamba alipewa kwa jumla jumla. Ni kweli haikutolewa kwa tendo la usiku mmoja. Ilitolewa kwa miaka minne na safari mia moja za vita. Kwangu mimi hilo ndilo linaloipa uzito. Kikosi kizima cha ndege za mabomu cha Uingereza kilipitisha watu wapatao 125,000 angani, na 55,573 kati yao hawakurudi. Safari 30 zilihesabiwa kuwa mzunguko mzima, na wengi hawakuumaliza. Anayefanya jambo la hatari mara moja huenda damu ilimchemka tu. Anayepanda ndege mara ya themanini, akijua vizuri ni vitanda vingapi bwenini vimebaki vitupu, huyo amekwisha kufikiri na bado amekwenda.

Tena hakulazimika. Kufikia 1943 alikuwa na cheo kikubwa kuliko umri wake na kazi ya kambini isiyo na risasi. Akaomba arudi kuruka, na ili apewe kikosi namba 617 akakubali kushushwa cheo. Sijui watu wangapi ofisini kwetu wangekubali hata kuhamishwa meza.

Akiwa na kikosi hicho, Februari 1944, alitumwa kuongoza shambulio la kiwanda cha injini za ndege Limoges, Ufaransa. Zamu ya usiku ilikuwa na wafanyakazi wa Kifaransa, wengi wao wanawake. Alishuka chini kabisa akapita juu ya paa mara tatu bila kudondosha kitu, ili wajue kinachokuja na watoke. Ndipo akaweka alama ya shabaha. Ningeambiwa nichague kipande kimoja cha maisha yake cha kubandika kwenye utepe, ningechukua zile raundi tatu za bure. Nasema hivi nikijua fika kwamba watu wa Hamburg mwaka 1943, waliokufa kwa makumi elfu, hawakupitiwa na mtu wa kuwaonya, na kwamba marubani waliowapiga nao walivishwa nishani.

Nishani ina udhaifu mwingine: inahitaji shahidi aliye hai. Mtazame Norman Jackson, sajini, fundi wa injini ndani ya ndege ya mabomu aina ya Lancaster. Aprili 1944, juu ya Schweinfurt, bawa la ndege yao lilishika moto. Jackson, tayari ana majeraha, akachomeka kizimamoto ndani ya koti, akatoka nje, futi kama 20,000 juu ya ardhi, akatambaa kuelekea bawani. Mwavuli wake wa kurukia ulifumuka ndani ya ndege, wenzake wakashikilia kamba zake. Ndege ya Wajerumani ikarudi kupiga, miali ya moto ikamla mikono na uso, akateleza, akaanguka na mwavuli unaoungua. Alivunjika kifundo cha mguu, akatekwa. Uingereza haikujua lolote mpaka wenzake waliosalimika walipotoka kifungoni vita vilipokwisha. Na kama wote wangekufa? Jackson angekuwa jina kwenye orodha ya waliopotea, basi.

Cheshire mwenyewe alifika Nagasaki Agosti 9, 1945, akiwa mwangalizi wa Uingereza katika ndege iliyofuata shambulio la bomu la atomiki. Mwaka uliofuata aliacha jeshi, na 1948 akaanza kuwahudumia wagonjwa wasio na pa kwenda katika nyumba yake ya Le Court, huko Hampshire. Nyumba zenye jina lake zikaenea hadi huku kwetu. Katalemwa, nje kidogo ya Kampala, watoto wenye ulemavu wanatibiwa na kufundishwa kutembea. Nadhani wazazi wengi wanaopanga foleni pale hawajawahi kusikia habari za DSO, na wala hawana haja nazo.

Novemba 1945 Cheshire na Jackson waliitwa siku moja kasri la Buckingham, kila mmoja kuchukua VC yake. Cheshire alishikilia kwamba wasogee mbele ya Mfalme George wa Sita pamoja. Kisha akamwambia mfalme kuwa huyu mwenzake alijihatarisha kuliko yeye, kwa hiyo avishwe kwanza. Jackson alisimulia kisa hicho kwa miaka mingi, hakukisahau.

Mfalme alifuata itifaki. Vyeo vikatangulia, na Cheshire akavishwa wa kwanza.